Kam ipi uweke kwenye Honda XL185S iliyochongwa, na uifunge vipi: jibu kwa msomaji wa Kizota

Mkuu wa Kizota, salama? Swali lako limefika. Kwa faida ya wengine niseme kwanza umeuliza nini: una pikipiki Honda XL185S ya mwanzoni mwa miaka ya 80, umebori silinda, yaani umeitanua, ukaweka pistoni ya milimita 65, silinda hedi imepigwa fesi kidogo, yaani uso wake umechongwa ikashuka, na njia za hewa zimetanuliwa, kabureta ni ile ya milimita 30 ya mchina. Sasa kuna jamaa anakuuzia kam (ile shafti yenye nundu zinazofungua valvu) ya resi, mwingine anakwambia uchonge kam yako ya zamani, fundi wako wa mtaani anasema kam ya pikipiki ya kichina inaingia tu. Na kwenye kuifunga anakwambia alama za kiwandani zikikutana kazi imeisha. Matumizi yako ni mjini siku za kazi, na wikiendi unapandisha Kondoa.

Nianze na jibu lenyewe ili ukiishia hapa uwe umepata kitu: hiyo kam ya resi iache. Tafuta kam ya kiwandani iliyo hai, au kama lazima upande, panda hatua moja tu, kam inayoacha valvu wazi kwa digrii kama 230 mpaka 240 za mzunguko wa injini, zikipimwa valvu ikiwa imenyanyuka milimita 1. Na ukishaipata usiifunge kwa alama peke yake, ifunge kwa kupima. Kupima ndo kazi yenyewe na ndo nitakaa nayo zaidi huko chini.

Kwanini nasema uiache. Wengi tukishika kam tunaangalia nundu imepanda kiasi gani, tunaona kubwa tunafurahi. Lifti, yaani kimo valvu inachonyanyuliwa, ina maana yake ila sio ya kwanza. Namba ya kwanza kuangalia ni valvu ya intek, ile ya kuingiza hewa, inafunga lini. Chukua mfano, kam ya utaratibu inafungua intek digrii 5 kabla pistoni haijafika juu kabisa, inafunga digrii 35 baada ya pistoni kupita chini kabisa. Jumlisha 5 na 180 na 35 unapata 220. Ile ya resi uliyonitumia karatasi yake inafungua 25 na inafunga 60, jumla 265. Sasa kwenye injini yako stroku, yaani mwendo wa pistoni toka chini mpaka juu, ni milimita 57.8. Kwa kam ya kwanza, intek inapofunga pistoni imeshapanda kama milimita 4 tu, kwa hiyo karibu stroku yote iliyobaki inakandamiza hewa. Kwa hii ya pili, intek inafunga pistoni imeshapanda zaidi ya sentimita 1, na kwa RPM ndogo hewa iliyokwisha kuingia inarudishwa nyuma kupitia kabureta. Ndo maana pikipiki yenye kam ndefu unaikuta inatema petroli kwenye fila ya hewa, ikiwa sailensa, yaani inaunguruma yenyewe bila kuvuta mafuta, inapiga kwa mkato, na ukiachia klachi kwenye matuta inazima. Inaamka huko juu, RPM 6,000 kwenda mbele, na huko juu wewe hukai.

Halafu tuko Dodoma. Mji uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari na hewa hapa ina mgandamizo pungufu wa Dar kwa karibu asilimia 12. Hiyo asilimia 12 umeshaikosa kabla hujafungua hata boliti moja. Ukiongeza kam inayochelewa kufunga intek unapunguza mara ya pili, na pikipiki inakuwa nzito chini hata kama pistoni ni kubwa. Mtu wa Dar anaweza kukuapia kam hiyohiyo kwake ni moto na asiwe anadanganya, ila yeye yuko usawa wa bahari na barabara yake ni lami tambarare. Wewe unapita vilima vya Kolo na mzigo nyuma, unataka mashine ivute kuanzia RPM 2,500 bila kuisukumiza.

Ila usidhani uliyoyafanya yamepotea. Kutoka pistoni ya kiwandani ya milimita 63 kwenda 65 umetoka cc 180 kufika 192, na kwa kuwa hedi imepigwa fesi kompresheni imepanda kidogo. Hiyo ndo inakupa ruhusa ya ile hatua moja niliyosema, kwa sababu kompresheni ikipanda injini inavumilia intek kuchelewa kidogo bila kufa chini. Kam ya 235 hivi, intek ikifunga digrii 40 au 42, kwa injini hiyo na kwa mwinuko huu itakaa vizuri sana, naamini hivo kwa moyo wote. Zaidi ya hapo unajenga pikipiki ya kushindania.

Hii ishu ya kam ya kichina niimalize haraka maana inapotosha watu wengi. Bodaboda nyingi za kichina hapa mjini zina injini ya ukoo wa CG, na CG kam yake iko chini kwenye kreni kesi, lile boksi la chini la injini, inazungushwa na gia, inasukuma roka za juu (vile vikono vinavyobonyeza valvu) kwa fimbo. Tena ina nundu moja tu inayofanya kazi ya intek na egzosi (valvu ya kutoa moshi) kwa pamoja. Ya kwako iko juu kwenye hedi, inavutwa na cheni ya taimingi, ina nundu mbili. Haiingii, haifanani, na anayekwambia inaingia bado hajazifungua zote mbili akaziweka mezani.

Sasa kuchonga ya zamani. Inawezekana na watu wanafanya, ila elewa kinachofanyika. Kam haiongezwi nyama, inapunguzwa ile sehemu ya duara ya chini ili nundu ionekane ndefu kwa kulinganisha. Matokeo yake roka inashuka, skrubu ya tapeti, ile ya kurekebisha nafasi ya roka na valvu, inabidi itoke nje zaidi, na ncha yake inaanza kugusa kichwa cha valvu kwa pembeni badala ya katikati, gaidi ya valvu, lile bomba valvu inamopita, inalika upande mmoja. Kitu cha pili, ule ugumu wa juu ya kam ni tabaka jembamba tu, ukilichonga likaisha unabaki na chuma laini kitakacholika upesi. Kwa hiyo kama unachonga, mpe mtu mwenye mashine ya kuchonga kam kweli, anayetumia kam ya mfano, na muulize ugumu ataurudishaje. Akikujibu kwa kuzungukazunguka chukua kam yako ondoka. Kuchonga kwa grainda ya mkono na jicho sitaki hata kulijadili, nundu ya kam ina mlima wa kupanda na mlima wa kushuka uliopigiwa hesabu, ukikosea kidogo valvu inatupwa hewani na inarudi kwenye siti kwa kishindo.

Kabla ya kununua yoyote, hata ya kiwandani iliyotumika, ikague hivi. Pima kimo cha nundu kwa maikromita, ncha ya nundu mpaka mgongo wake, zote mbili, linganisha na kitabu cha mashine. Pitisha ukucha juu ya ncha, ukikwama kwenye mchubuko au vishimo iache. Angalia na roka, uso wake unaosuguana na kam uwe unang'aa sawasawa, ukiona umemeguka au kuna kishimo kama cha sindano usiiunganishe na kam mpya kwa sababu itaila kam ndani ya muda mfupi. Kam mpya na roka zilizoliwa ni hela ya bure. Na kwenye injini hizi kam haina beringi, inazunguka moja kwa moja kwenye aluminiamu, nusu imechongwa kwenye hedi na nusu kwenye kava la juu. Oili ikipungua mara moja tu unakuta hiyo aluminiamu imechubuka. Weka kam mahali pake, funga kava bila cheni, izungushe kwa vidole na uitikise juu chini. Ikiwa inacheza unaisikia kabisa mkononi, hapo kabla ya kam tafuta hedi na kava lake, lazima vitoke pamoja maana vilichongwa vikiwa vimefungwa pamoja. Usichukue hedi ya huku na kava la kule.

Haya, kufunga.

Kwanza springi. Kam ikinyanyua zaidi, springi inabanwa zaidi. Valvu ikiwa wazi mpaka mwisho wake, springi isiwe imekutana nyuzi kwa nyuzi, ibaki nafasi ya milimita 1 angalau kwa ujumla, na kofia ya springi isigonge sili ya gaidi, hapo nako acha milimita 1 na zaidi. Angalia kwa macho na tochi huku unazungusha pole pole.

Pili pistoni na valvu. Pistoni yako sio ya kiwandani na hedi imeshushwa, kwa hiyo usiamini chochote. Chukua ule udongo wa rangi wanaochezea watoto, unauzwa steshenari, bandika vipande juu ya pistoni pale valvu zinapokuja, paka oili kidogo usinate, funga hedi na gasketi yako ileile utakayotumia, funga kam kwa alama, seti tapeti, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ukisikia inakataa usilazimishe. Fungua, kata udongo kwa wembe katikati, pima unene pale pembamba kabisa. Mimi sishuki chini ya milimita 1.5 intek na milimita 2 egzosi, maana egzosi inapata moto zaidi na ndo inayofukuzwa na pistoni wakati inafunga. Ikiwa pungufu, pistoni inachongwa vijumba zaidi, au kam inabadilishwa. Usiongeze gasketi mbili, tafadhali.

Tatu, na hapa ndo fundi wako na mimi tunapishana. Alama ya T (pistoni juu kabisa) kwenye flaiwili na alama za kwenye sproketi ya kam, ile gia ya cheni, ziliwekwa kiwandani kwa hedi yenye kimo cha kiwandani na cheni mpya. Wewe hedi umeipiga fesi, imeshuka, na cheni yako ina miaka. Vyote viwili vinafanya jambo moja: kam inachelewa. Alama zinaweza kukutana vizuri kabisa machoni na kam iko nyuma digrii 5 au 6, na hiyo inatosha kuua mvuto wa chini ambao unautafuta kwa pesa.

Kinachohitajika ni kidogo. Steshenari yoyote watakuprintia duara lenye digrii 360, ligandishe juu ya sidii ya zamani na uifunge kwenye nati ya flaiwili. Pinda waya mgumu uwe mshale, ufunge kwenye boliti yoyote ya injini. Dayo geji, ile saa ya kupima mwendo mdogo kwa milimita, unaweza kuazima kwa mafundi wa mashine za kuchonga vyuma, huko kwenye karakana za Kizota huwezi kukosa mtu, muachie hata kitambulisho.

Anza kutafuta juu kabisa ya kweli. Usikadirie kwa bisibisi kwenye tundu la plagi, pistoni ikifika juu inatulia digrii kadhaa bila kusogea na hapo ndo watu wanakosea. Chukua plagi mbovu, toa kauri ya ndani, tia boliti yenye ncha ya mviringo iwe kizuizi. Ulegeze kwanza tapeti au fanya hii kazi kabla kam haijafungwa ili valvu zisiguse hicho kizuizi. Zungusha injini taratibu mpaka pistoni iguse, soma digrii. Zungusha kinyume mpaka iguse tena, soma. Tuseme upande mmoja umesoma 32 na mwingine 26. Zinatakiwa zilingane, kwa hiyo sogeza mshale digrii 3, zote zisome 29. Sasa sifuri yako ni ya kweli. Toa kizuizi. Usiguse mshale tena, na kama umeguswa na mkono rudia.

Funga kam, vuta tensheni ya cheni, seti tapeti ya intek kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya hiyo kam. Weka dayo geji juu ya kofia ya springi ya intek, ncha yake iende sambamba na valvu, ikilala pembeni itakudanganya. Zungusha injini kwa upande inaozungukia kila siku, usirudi nyuma hata kidogo, ukipitiliza endelea uje tena, kwa sababu ukirudi nyuma cheni inalegea upande usiotakiwa na namba zote zinaharibika. Dayo ikisoma milimita 1 wakati inafungua, andika digrii. Endelea mpaka inafunga, ikibaki milimita 1, andika.

Mfano wa ile kam ya 220 niliyoanza nayo: karatasi inasema 5 kabla ya juu na 35 baada ya chini. Nusu ya 220 ni 110, toa 5, kilele cha intek kiko digrii 105 baada ya juu. Sasa umepima kwako ukakuta inafungua digrii 1 baada ya juu na inafunga 41 baada ya chini. Jumla bado ni 220, kam ni ileile, ila kilele chake kimekuwa 111. Umechelewa digrii 6. Hapo ndo unapata jibu la kwanini pikipiki za watu baada ya kupiga fesi hedi zinalalamika chini na kila mtu anasingizia kabureta.

Kurekebisha kwa kuruka jino haitakusaidia. Kama sproketi ina meno 34, jino moja ni digrii 10 na ushee za kam, yaani karibu 21 za kreni shafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Hesabu meno ya kwako utaona yenyewe. Kinachofanyika ni kutanua matundu ya boliti za sproketi kwa tupa ya mviringo. Digrii 6 za kreni shafti ni digrii 3 za kam, na kama boliti ziko milimita 15 kutoka katikati hiyo ni milimita 0.8 hivi, kidogo sana, kwa hiyo tupa taratibu na ujaribishe mara nyingi, na utanue kwa upande unaoiwahisha kam, chora mshale kwa maka kabla hujaanza. Ukipata, paka gundi ya nyuzi za boliti, kaza kwa spana ya toki, boliti za milimita 6 usizidishe nyutoni mita 12. Halafu pima tena upya tangu mwanzo. Na pima tena udongo upande wa intek, kwa sababu ukiiwahisha kam valvu ya intek inasogelea pistoni, ukiichelewesha egzosi ndo inasogelea.

Kwa matumizi yako ningeiwahisha digrii 2 zaidi ya karatasi. Cheni ikilegea na safari itarudi yenyewe kwenye namba, na kwa sasa utapata mvuto wa chini. Na cheni nunua mpya, usifanye kazi yote hii juu ya cheni ya zamani.

Kufunga kava: hapo katikati ya hedi na kava hapawekwi gasketi, ni silikoni nyembamba tu. Ukiweka gasketi ya karatasi unanyanyua kava na kam inaanza kucheza. Silikoni nayo iwe kama ute, mbali na tundu la oili, maana ikijaa inaingia ndani na kuziba njia, na kam inakaukiwa siku ya kwanza. Nimeletewa hedi zaidi ya moja zimekufa kwa silikoni nyekundu iliyopakwa kwa dole gumba. Kabla hujafunika paka nundu na uso wa roka grisi ya molibdenamu, jaza oili kwenye vile vijibwawa chini ya kam, halafu toa plagi upige kiki mpaka uone oili inafika juu kupitia kifuniko cha tapeti. Ndo urudishe plagi.

Ikiwaka usiiache sailensa. Sailensa ndo mahali roka inakandamiza nundu kwa nguvu na oili inayorushwa ni kidogo. Ipeleke 2,500 mpaka 3,000, ipande ishuke, na kwa kuwa inapozwa na upepo usiisimamishe juani saa sita mchana ukaivumisha robo saa. Fanya asubuhi, iwashe, ikishakubali panda uondoke nayo taratibu barabara ya Singida, bila gia kubwa na bila kuivuta, dakika 20 hivi, urudi, izime, ipoe kabisa, useti tapeti upya. Mwaga oili hiyo, ina vumbi la chuma. Ukifungua kava la klachi safisha chujio la wavu na lile kopo la kuzungusha uchafu lililo kwenye kreni shafti, injini hizi hazina fila ya oili ya karatasi, uchafu wote unakaa humo na wengi hawajawahi kulifungua. Oili tumia ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, ya magari madogo ya kisasa inatelezesha klachi na kinga yake ya kam ni ndogo.

Vumbi la kwetu nalo lisahau kidogo tu ujute. Watu wakipata kam mpya wanatoa boksi la fila wanaweka kile kifila cha chuma chenye wavu ili isikike inanguruma. Kuanzia Juni mpaka Oktoba huku ni vumbi tupu, linapita, linaingia kwenye oili, na oili hiyohiyo ndo inabeba kam kwenye aluminiamu. Bakiza boksi, tumia fila ya sponji iliyopakwa oili. Jeti za kabureta anza na zilizopo, kama kabureta ilisetiwa Dar huenda petroli ni nyingi kwa hewa ya hapa, angalia plagi rangi yake baada ya mwendo mrefu kabla hujashusha.

Ukishapima, niandikie namba tatu: intek inafungua digrii ngapi, inafunga ngapi, na unene wa udongo pale pembamba. Nikiwa nazo nitakwambia kama sproketi inahitaji tupa au uifunge hivyo hivyo.